Mkulima Aliyehesabu Siku ya Bwana

Je, mwamini Mkristo anaweza kuijua siku ya kurudi kwake Yesu Kristo? Swali hili nimeulizwa na wanafunzi mara nyingi, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mwulizaji analiogopa jibu. Wengi wetu tulio walimu huwarejesha vijana kwenye aya ya 36 ya sura ya 24 katika Injili ya Mathayo, ambamo Yesu mwenyewe anaeleza kuwa siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Hapo mjadala hufungwa. Jibu hilo ni sahihi, lakini nimeona kwamba halimtoshelezi kijana mwenye akili ya kudadisi. Kwa sababu hiyo nimeamua leo kujibu kwa njia nyingine. Nitasimulia maisha ya mtu aliyeijua aya hiyo barabara, akaiheshimu kwa muda mrefu, na hata hivyo akajikuta amekubali kutaja siku. Mtu huyo ni William Miller wa Marekani.

Miller alizaliwa tarehe 15 Februari 1782 katika mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba iliyojaliwa watoto 16. Baba yake alikuwa mwanajeshi aliyepigana katika vita vya uhuru wa Marekani, naye mama alikuwa binti wa mhubiri wa Kibaptisti. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka minne, jamaa hiyo ilihamia Low Hampton, kijiji cha jimbo la New York kilicho karibu na mpaka wa Vermont. Huko kulikuwa na msitu wa kufyeka, shamba la kulima na deni la kulipa. Shule ilikuwa ya miezi michache tu kila mwaka, wakati wa baridi, pale ambapo kazi za shambani zilipungua.

Hata hivyo, kijana huyo alikuwa na kiu ya kusoma isiyozimika. Aliazima vitabu kwa majirani, na usiku, wenzake walipolala, alijinyoosha mbele ya meko na kusoma kwa mwangaza wa vijinga vya msonobari. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Yapo mazoea ya kuwadhania wote waliowahi kutabiri siku ya mwisho kuwa ni wajinga au ni matapeli. Miller hakuwa mjinga, wala hakuwa tapeli. Alikuwa mwanafunzi wa kujifunza mwenyewe, na bidii yake ingewatia haya wengi wetu.

Mwaka wa 1803 alimwoa Lucy Smith, wakahamia Poultney katika jimbo la Vermont. Mji huo ulikuwa na maktaba, naye Miller akaifanya makao yake ya pili. Humo alikutana na maandishi ya Voltaire, Hume na Paine, na imani aliyolelewa nayo ikaporomoka. Alianza kuamini kwamba Mungu yupo na ndiye aliyeumba ulimwengu, ila hajishughulishi na mambo ya wanadamu, na kwamba Biblia ni kazi ya mikono ya watu. Wakati huo alikuwa mtu wa heshima mjini, akishika nyadhifa kadhaa za umma, ikiwemo ya naibu wa sherifu. Yasemekana pia alikuwa hodari wa kuwaiga wahubiri wa ukoo wake kwa mzaha, ili kuwachekesha marafiki.

Kisha vikaja vita vya mwaka wa 1812 baina ya Marekani na Uingereza. Miller alijiunga na jeshi, akapanda hadi cheo cha kapteni. Tarehe 11 Septemba 1814 alikuwa Plattsburgh, kando ya ziwa Champlain, siku ambayo kikosi kidogo cha Wamarekani kilikabiliwa na jeshi kubwa zaidi la Waingereza. Kombora lilipasuka karibu naye, likawaumiza waliokuwa ubavuni pake, yeye asipate hata mkwaruzo. Jioni Waingereza walirudi nyuma wakiwa wameshindwa. Miller alishindwa kuyaeleza hayo kwa falsafa yake. Ikiwa Mungu hajishughulishi na wanadamu, ni nani aliyeshughulika siku ile?

Baada ya vita alirejea Low Hampton, akalima na kuanza kuhudhuria kanisa la Kibaptisti ambako baba yake mdogo alikuwa akihubiri. Mhubiri alipokosekana, wazee wa kanisa walimwomba awasomee wenzake hotuba zilizochapishwa vitabuni, kwa kuwa alikuwa msomaji mzuri. Siku moja katika mwaka wa 1816, akiwa anasoma hotuba kuhusu wajibu wa wazazi, sauti ilimkauka, akalemewa na hisia, akashindwa kuendelea. Tangu siku hiyo akawa mwamini wa dhati.

Marafiki wake wa zamani hawakumwachia hivi hivi. Walimtupia maswali yale yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiwatupia Wakristo. Miller akaahidi kwamba, akipewa muda, ataupatanisha kila mgongano unaodhaniwa kuwamo katika Biblia. Aliweka kando vitabu vya ufafanuzi, akabaki na Biblia pamoja na itifaki ya Cruden, yaani kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia linapatikana katika aya zipi. Alianza na Mwanzo, akisoma aya baada ya aya, asisonge mbele kabla ya kuridhika na ile iliyotangulia. Kazi hiyo ilimchukua miaka miwili.

Alipofika katika kitabu cha Danieli, sura ya 8, aya ya 14, alikwama, na pale alipokwama ndipo historia ilipoanzia. Aya hiyo inataja muda wa siku 2300, ambao baada yake patakatifu patatakaswa. Miller alishika kanuni iliyotumiwa na wataalamu wengi waliomtangulia, kwamba siku moja ya unabii ni mwaka mmoja wa kawaida. Akaamini pia kuwa patakatifu ni dunia hii, na kwamba itatakaswa kwa moto Kristo atakaporudi. Ilibaki kujua hesabu inaanzia wapi.

Mwanafunzi na achukue kalamu anifuate. Sura ya 9 ya Danieli inataja majuma 70, ambayo ni siku 490, na kwa kanuni hiyo ni miaka 490. Miller aliianzisha miaka hiyo mwaka wa 457 K.K., wakati mfalme Artashasta wa Uajemi alipomruhusu Ezra kurudi Yerusalemu. Ukitoa 457 katika 490 unapata 33, mwaka ambao aliuamini kuwa ndio wa kusulubiwa kwa Yesu. Ulinganifu huo ulimshangaza. Akaona kuwa mwanzo wa majuma 70 ndio mwanzo wa siku 2300 pia. Toa 490 katika 2300, unabaki na 1810. Jumlisha 33, unapata 1843. Mwaka wa 1818, akiwa peke yake shambani kwake, alifikia mkataa kwamba kwa muda wa miaka 25 hivi mambo yote ya dunia yatafikia kikomo.

Hesabu hiyo ni nadhifu, na unadhifu wake ndio mtego wenyewe. Kujumlisha na kutoa kwake hakukuwa na kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa katika mambo aliyoyachukua kuwa yamethibitika kabla hajaanza kujumlisha. Nani alimwambia kwamba patakatifu ni dunia? Nani alithibitisha kwamba siku 2300 na majuma 70 yana mwanzo mmoja? Katika Kiebrania aya yenyewe haitaji siku kwa neno la kawaida, bali inataja jioni na asubuhi. Wapo wataalamu wengi wanaoona kuwa yanayosemwa humo ni kunajisiwa kwa hekalu la Yerusalemu na mfalme Antioko mwaka wa 167 K.K., hadi lilipotakaswa mwaka wa 164 K.K. Hesabu sahihi iliyojengwa juu ya dhana isiyothibitishwa huleta jibu lenye sura ya uhakika, na sura hiyo humdanganya mwenye hesabu kabla ya kumdanganya msikilizaji.

Miller hakukimbilia mimbari. Alitumia miaka mingine kadhaa kuyapima mapingamizi yote aliyoweza kuyafikiria. Hata aliporidhika alinyamaza, kwa kuwa alijiona ni mkulima asiye na kipawa cha kusema mbele ya watu. Dhamiri ilimsumbua. Ikiwa watu wataangamia bila kuonywa, damu yao itadaiwa kwa nani? Mwaka wa 1831 alijaribu kufanya mapatano na Mungu: akialikwa, atakwenda. Alidhani hakuna atakayemwalika mzee wa miaka 49 asiye na elimu ya dini. Haikupita nusu saa, kijana mpwa wake akawasili na mwaliko kutoka mji wa Dresden. Miller alitoka nje kwa hasira, akaenda kushindana na Mola wake katika kijisitu kilichokuwa karibu. Aliporudi alikuwa amekubali.

Kuanzia hapo hakupumzika tena. Mwaka wa 1833 Wabaptisti walimpa kibali cha kuhubiri, na mwaka wa 1836 hotuba zake zilichapishwa kuwa kitabu. Nyakati zenyewe zilimpigia debe. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1833 mvua kubwa ya vimondo ilionekana Marekani, na wengi wakakumbuka maneno ya Injili kuhusu nyota kuanguka. Mwaka wa 1837 mabenki yalianguka, biashara zikafilisika na watu wakapoteza kazi. Mwaka wa 1839 alikutana na mchungaji Joshua Himes wa Boston, mtu aliyeijua nguvu ya uchapishaji. Mwaka uliofuata Himes alianzisha gazeti, kisha yakafuata mengine, pamoja na chati za unabii, makambi ya mahubiri na hema kubwa iliyosafirishwa mji hadi mji. Mkulima wa Low Hampton akawa jina linalotajwa kote kaskazini mwa Marekani. Waliomwamini hukadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 100,000.

Sasa narudi kwa ile aya ya Mathayo. Miller aliifahamu. Kwa miaka mingi alisema tu kwamba Kristo atarudi karibu na mwaka wa 1843, na neno hilo karibu alilishikilia. Alihoji kwamba Yesu alificha siku na saa, ila hakuuficha mwaka, kwa kuwa mtu anayeona mtini ukichipua hujua kwamba kiangazi ki karibu. Lakini wasikilizaji hawakutosheka na karibu. Walitaka kujua ni lini hasa. Januari 1843, akiwa amesukumwa, alieleza kwamba tukio hilo litatokea kati ya tarehe 21 Machi 1843 na tarehe 21 Machi 1844. Ua lililokuwa limezunguka aya ya Mathayo lilisogezwa hatua moja.

Tarehe 21 Machi 1844 ilipita. Wengine wakakokotoa upya kwa kalenda nyingine ya Kiyahudi, wakaitaja tarehe 18 Aprili. Nayo ikapita. Miller alikiri hadharani kwamba amekosea kuhusu wakati, ingawa bado aliamini kwamba kurudi kwa Bwana ku karibu sana. Lau mambo yangeishia hapo, pengine leo tungemkumbuka kama mtu aliyekosea mara moja akajirudi.

Hayakuishia hapo. Agosti 1844, katika makambi ya Exeter, New Hampshire, alitokea mhubiri Samuel Snow na maelezo mapya. Alitumia jambo ambalo kila mwalimu wa historia analijua: hakuna mwaka sifuri kati ya miaka ya K.K. na B.K. Kwa hiyo, kutoka 457 K.K. hadi 1843 ni miaka 2299, si 2300. Amri ya Artashasta ilitekelezwa majira ya kupukutika majani, na hivyo hesabu inakamilika majira hayo hayo ya mwaka wa 1844. Isitoshe, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi huwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, ambayo kwa kalenda aliyoitumia iliangukia tarehe 22 Oktoba. Habari hiyo ilienea kama moto wa nyikani. Kilichokuwa mwaka kikawa siku, na ua likavunjwa kabisa.

Miller hakuwa mwanzilishi wa tarehe hiyo, na kwa wiki kadhaa aliipinga. Lakini aliona jinsi watu walivyokuwa wakitubu, wakilipa madeni na kupatana na majirani, akajiuliza kama matunda mema kama hayo yaweza kutoka katika mti mbaya. Mwanzoni mwa Oktoba, siku chache kabla ya tarehe yenyewe, aliikubali. Naona hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Mtu aliyeanza peke yake na Biblia na itifaki alimaliza akisukumwa na umati ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuamsha. Kiongozi alikuwa amegeuka mfuasi wa wafuasi wake.

Wakulima waliacha viazi ardhini bila kuvichimba. Wenye maduka walifunga milango. Hadithi ya kwamba walivaa kanzu nyeupe na kupanda juu ya mapaa imesimuliwa sana, lakini uchunguzi uliofanywa baadaye haukuipatia ushahidi wa kuaminika. Jumanne ya tarehe 22 Oktoba 1844 walikusanyika majumbani na makanisani, wakiimba na kuomba. Jua likachwa. Usiku wa manane ukapita. Kulipopambazuka, ng'ombe walihitaji kukamuliwa kama kawaida, na majirani walikuwa njiani wakiuliza kwa kejeli mbona bado wapo. Walioyapitia waliandika kwamba walilia hadi asubuhi.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Miller hakudai kwamba Kristo alirudi kwa siri, hakuwalaumu wafuasi wake kwa uhaba wa imani, wala hakutangaza tarehe nyingine. Mwaka wa 1845 aliandika maelezo ya maisha na mafundisho yake, akakiri kwamba alikosea na kwamba amevunjika moyo, huku akiungama kuwa tumaini lake la kumwona Bwana halijafa. Kanisa la Kibaptisti la kijijini kwake lilikuwa limeshamtenga. Miaka ya mwisho macho yalififia, na yule aliyesoma kwa mwangaza wa vijinga hakuweza tena kusoma. Alifariki tarehe 20 Desemba 1849, akiwa na umri wa miaka 67, shambani kwake Low Hampton.

Baadhi ya wafuasi wake waliendelea kuitafakari ile aya ya Danieli, wakafikia imani kwamba patakatifu panapotajwa pako mbinguni. Kutoka kwao, mwaka wa 1863 huko Battle Creek, Michigan, liliundwa Kanisa la Waadventista Wasabato. Miller mwenyewe hakujiunga nao, na alikuwa ameaga dunia miaka 14 kabla ya hapo. Wamisionari wa kanisa hilo waliwasili Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na tangu hapo shule na hospitali zake zimewahudumia Wakenya wengi. Kanisa hilo hufundisha kwamba Yesu atarudi upesi, na hukataa kuweka tarehe. Naona hilo ni funzo lililonunuliwa kwa machozi ya Oktoba 1844.

Hapa kwetu funzo hilo tumelilipia kwa gharama kubwa kupita machozi. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya kanisa, baada ya viongozi wao kutangaza mwisho wa dunia ambao haukutokea. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa kwa matumaini ya kukutana na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wasiojua kilichokuwa kikiendelea. Simlinganishi Miller na walioyatenda hayo. Yeye hakumwamuru mtu yeyote kufa, hakujificha msituni, na alipokosea alikiri mbele ya watu wote. Lakini njia inayoelekea huko huanza mahali pamoja: pale mtu anaposadiki kwamba yeye, tofauti na waja wengine wote, amepewa kuifahamu tarehe.

Basi jibu langu kwa mwanafunzi ni hili. Mwamini anaweza kujua kwamba Bwana wake atarudi, kwa sababu ameahidiwa. Hawezi kuijua siku, kwa sababu amenyimwa, na anayemnyima ni yule yule aliyeahidi. Bidii ya kusoma haiwezi kumpa mtu kilichofichwa kwa makusudi. Tena asidhani kwamba ataepuka mtego kwa kutaja mwaka tu na kuiacha siku, kwa kuwa Miller alianza kwa neno karibu. Na yeyote atakayemjia na tarehe, hata akiwa mcha Mungu, hata hesabu yake ikiwa nadhifu, na amwulize swali moja: ukikosea, ni nani atakayelipa?

Nikiwafikiria wale wakulima wa 1844, huwa navikumbuka viazi vyao. Aliyechimba viazi vyake huku akimngojea Bwana hakuwa na imani haba kuliko aliyeviacha vioze. Tukingoja, na tungoje jembe likiwa mkononi, watoto wakiwa wameshiba na vitabu vyao vikiwa wazi. Bwana akija mchana huu atatukuta kazini, na asipokuja, kesho tutakuwa na cha kupika.